Silinda za trekta zipimwe kabla ya kutiwa sili mpya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wenye matrekta ya zamani, pamoja na mafundi wenzangu wa hapa Nairobi, kuhusu uvujaji wa silinda za haidroliki, zile zinazoinua vitu kama jembe kwa nguvu ya oili. Kila mvua za masika zinapokaribia, tunaletewa gerejini silinda ambazo zimekwisha kubadilishwa sili, yaani pete za kuzuia oili isipenye, zaidi ya mara moja na bado zinamwaga oili, huku mwenyewe amelipa, shamba halijalimwa, na hakuna aliyechukua kipimo.

Matrekta mengi ya umri huo, kama vile Massey Ferguson 135 zilizoundwa Uingereza, yalitengenezwa kwa vipimo vya inchi, ilhali sili nyingi madukani ni za milimita. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha inchi mbili na nusu ni milimita 63.5. Ukiitia sili ya milimita 63 itaingia bila taabu, lakini kwa shinikizo linaloweza kupita pauni 2,000 kwa kila inchi ya mraba, hiyo nusu milimita inatosha kupitisha oili. Muuzaji anayelinganisha sili kwa macho hawezi kuiona tofauti hiyo, hasa kwa vile ile ya zamani huwa imekwisha kulika au kuvimba. Kinachostahili kupimwa ni silinda yenyewe na rodi yake, ule mtaimbo wa chuma unaoingia na kutoka ndani yake, na ningependa kila duka la spea liwe na kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, mezani.

Rodi ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ipitishie ukucha polepole. Ukikwama kwenye mkwaruzo au kishimo cha kutu, sili mpya nayo itakatwa papo hapo. Wapo wanaoisugua kwa msasa hadi ing'ae, na kumbe wanamalizia kromu iliyobaki, yaani metali ngumu inayoifunika rodi, ambayo tangu mwanzo ni tabaka jembamba mno. Rodi ya namna hiyo ipelekwe ikapakwe kromu upya au inunuliwe nyingine, na iliyopinda isirudishwe kabisa.

Si kila uvujaji unaoonekana chini. Katika Massey Ferguson 135 silinda ya kuinulia jembe imo ndani ya mwili wa trekta, kwa hiyo oili inayopenya hurudi humo humo bila tone kuanguka, na dalili ni jembe kushuka lenyewe injini ikizimwa. Hapo fundi asikimbilie kulaumu silinda, kwani huenda kasoro iko kwenye vali inayofungua na kufunga njia ya oili.

La mwisho linahusu uhai wa watu. Jembe lishushwe hadi ardhini kabla ya kulegeza bomba lolote, na mtu yeyote asitafute tundu la uvujaji kwa kupapasa kwa mkono; atumie kipande cha katoni. Oili inayotoka kwa nguvu katika tundu dogo hutoboa ngozi, ikaacha alama kama ya sindano isiyouma sana, kisha ikaozesha nyama ndani hata kidole kikakatwa. Aliyepatwa na hayo apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa shinikizo.

Fundi wa matrekta,
Nairobi