Barua kwa rafiki nesi anayetaka kusafisha vidonda majumbani

Moshi, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu kutoka huku chini ya mlima. Barua yako ya kutoka Arusha nimeisoma mara mbili. Kurasa tatu ni za programu ya simu na rangi ya sare, bei umeipa mstari mmoja. Nianze na huo mstari.

Umesema utatoza shilingi 10,000 kwa kidonda. Hesabu tena. Gozi, glavu, maji ya chumvi ya dripu, bandeji na plasta, tuseme 4,500. Bodaboda Kijenge hadi Ngaramtoni kwenda na kurudi, tuseme 6,000. Hapo umeshakula hasara na mkono wako bado haujalipwa. Manesi wengi tunahesabu dakika 40 za kitandani, saa nzima ya njiani tunaisahau. Kabla ya kupandisha bei, panga njia: Jumatatu na Alhamisi Njiro, Kijenge na Moshono, Jumanne na Ijumaa Sakina na Ngaramtoni. Wagonjwa wanne wa upande mmoja wanagawana nauli. Na ndugu walipe mwanzoni mwa wiki, usije ukageuka mdai. (Glavu za wodini zibaki wodini. Najua unajua.)

Sasa otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu kwenye vifaa, maana hapa ndipo Arusha itakuponza. Kwa ile ndogo ya juu ya jiko la gesi, tulifundishwa kuwa presha ya paundi 15 kwa inchi ya mraba kwenye geji ndiyo joto la nyuzi 121. Hiyo ni hesabu ya pwani. Wewe uko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, geji ikisoma 15 ndani ni nyuzi 118 hivi. Unahitaji isome 17 na ushee. Kama valvu hairuhusu, usiitundikie uzito. Tafuta chombo kingine. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika kadhaa kabla ya kufunga valvu, kwani hewa iliyobaki ndani inauzuia mvuke kuvifikia vifaa. Dakika 30 zinaanza geji inapofika, si unapowasha jiko. Pakiti za vifaa zisimame kwa ubavu, zisibanane. Ikitoka na unyevu, irudie: kitambaa kibichi kinapitisha vijidudu kutoka nje. Mistari ya tepu ya otoklevu ikibadilika rangi inakwambia joto limepita pale ilipobandikwa, ya katikati ya pakiti haiyajui.

Kidonda kipime kila wiki kwa rula ya karatasi, urefu mkubwa kabisa na upana unaoukata urefu huo msalaba, uandike na tarehe. Cha mguu wa kisukari kisipopungua nusu ya eneo kwa wiki 4, acha kukusanya pesa, mpeleke mgonjwa. Mguu wa baridi usio na mapigo, weusi, harufu, homa, mfupa kuonekana: hospitali ya Mount Meru siku hiyo hiyo. Daktari wa kumpigia mkubaliane mapema, usianze kumtafuta saa mbili usiku.

Ubunifu unaoutafuta kwenye simu mimi nauona miguuni. Mzee wa kisukari amevaa katambuga, ndala za tairi, za misumari na nyayo zimekufa ganzi. Msumari unamtoboa asubuhi, damu anaiona jioni. Kaa na fundi viatu. Tairi libaki chini, juu yake sponji laini la milimita 10 hadi 15, kamba pana, gundi na uzi, bila msumari hata mmoja. Mguu uchorwe jioni, ukiwa umevimba. Sponji likibonyea lisirudi, libadilishwe. Hizi ni za mguu mzima au uliokwisha kupona. Kidonda cha unyayo hakiponi kikikanyagiwa, hata kwa kiatu kizuri namna gani.

Na usiseme huna kiwanda. Mwaka 1954 Elise Sørensen, nesi wa Denmark, alibuni mfuko wa kubandika tumboni, wa kupokea choo, kwa ajili ya dada yake aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo na kuogopa kutoka nje. Naye kiwanda hakuwa nacho. Aliyeutengeneza ni mwenye kiwanda cha plastiki, na aliyemsukuma ni mkewe, nesi vilevile.

Makaratasi: leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai, jina la biashara lisajiliwe BRELA, TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, leseni ya biashara ya Jiji. Ila kabla ya kulipa kodi ya miezi sita ya kile chumba unachotaka kupanga, pita kwa mganga mkuu wa jiji. Ukiweka kitanda cha mgonjwa mle ndani, hicho ni kituo cha huduma za afya na kina usajili wake.

Nijibu na bei mpya, na geji inasoma ngapi. Wasalimie nyumbani.

Sista mwenzio