YAH: Kujaziwa petroli ya premium (ile ya okteni kubwa na bei kubwa) nisiyoiomba na kudhalilishwa na meneja wa kituo chenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Naandika kwa adabu ingawa adabu yenyewe imebaki kidogo, maana nyingine ilimwagwa na meneja wenu wa kituo siku ile aliponipokonya kijitabu cha maelekezo ya gari mkononi, akakitupa juu ya boneti na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mzee, hiki kitabu kimepitwa na wakati kama gari lenyewe, kama hela ya mafuta mazuri huna tembea kwa miguu." Vijana wa pampu wakacheka. Mama yangu yuko siti ya nyuma anasikia kila neno.

Sera zenu za huduma mnazijua, mmezibandika wenyewe pale dirishani kwa keshia, sina haja ya kuwasomea.

Nilichoomba ni kitu kidogo tu. Petroli ya kawaida, RON 91 (hiyo ndiyo namba ya okteni), fuli tanki. Nilisema nikiwa bado nimekaa kwenye usukani, nikarudia niliposhuka kufungua tanki, na ndani ya kile kifuniko kuna stika ya kiwandani imeandikwa RON 91 mpaka leo inasomeka vizuri. Kijana akaitikia "sawa bosi", nikageuka kumfungulia mama chupa ya maji, kurudi naona ameshika nozeli ya premium na mita imekimbia. Namwambia simama, ananiambia "bosi hizi gari za zamani ndo zinataka premium, inasafisha injini alafu inaokoa mafuta, si unaona bango".

Na bango kweli lipo, kubwa kuliko la choo, linasema gari ya zamani ikiwekewa premium yenu inatembea mbali zaidi.

Hivi nani kawaandikia hilo bango? Okteni siyo nguvu ya mafuta jamani. Ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa kwenye silinda bila kujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, basi. Injini yenye mgandamizo mkubwa au yenye tabo inaihitaji, isipoipata inanoki, yaani inagongagonga kwa petroli kujiwakia yenyewe, sawa. Yangu mgandamizo wake ni 9 kwa 1, walioitengeneza wamesema 91 inatosha, na hainoki hata nikipanda mlima na watu wanne. Ingekuwa injini imejaa kaboni inagongagonga ningeelewa mtu kunishauri nipande okteni wakati nasubiri fundi. Na hizi gari za kisasa zina sensa inayosikiliza kunoki, kompyuta inasogeza taiming, yaani muda wa plagi kutoa moto, yenyewe, kwa hiyo iliyotengenezewa 95 ukiipa 95 unaweza kuona tofauti. Mimi nina kabureta na distribyuta, taiming anaiweka fundi kwa mkono, sasa hiyo okteni ya ziada nani ndani ya injini yangu ataifanyia kazi?

Habari ya kusafisha nayo muache kudanganya watu. Kinachosafisha ni dawa zinazochanganywa kwenye petroli, siyo namba ya okteni, na dawa hizo zinaweza kuwekwa hata kwenye ya kawaida. Kama ya kawaida yenu haina, andikeni hilo kwenye bango.

Na siongei kwa hisia, gari yangu naipima. Najaza mpaka nozeli ijikate yenyewe, narudisha mita ndogo ya safari sifuri, natembea, narudi pampu ileile najaza tena mpaka ijikate, nagawanya kilomita kwa lita. Tairi zina upepo unaotakiwa, eakilina safi, plagi nzuri, mguu wangu siyo wa mashindano. Kwa petroli ya kawaida inanipa kilomita 11 kwa lita na ushee. Kwa premium yenu ya miujiza, barabara ileile, imenipa 11 kasoro. Yaani nimelipa zaidi nikatembea pungufu.

Hapo kwenye pungufu ndo nikarudi kituoni kwenu kuangalia vizuri, na nyuma ya mpira wa pampu ya premium nikakuta kistika kimechanika nusu kimeandikwa E10, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli (pombe) mpaka asilimia 10. Sasa mnijibu kama wataalamu, hiyo okteni ya premium mmeipandisha kwa ethanoli? Maana ethanoli ina okteni kubwa kweli, lakini nishati yake kwa lita ni pungufu ya petroli kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo mchanganyiko wa asilimia 10 unapunguza mwendo kama asilimia 3 hivi. Ukiacha mwendo, ethanoli inavuta maji, na mipira ya mafuta na sili za gari za zamani nyingi hazikutengenezwa kuvumilia hicho kitu, zinalainika zinapasuka. Kwa hiyo gari mnayoilenga na bango ndiyo hasa mliyotakiwa kuionya! Kistika cha onyo mmekificha nyuma ya mpira, bango mmelipandisha juu.

Sasa nirudi kwa meneja, maana kuna mambo sikuyasema pale mwanzo na bado yananichoma.

Nilimfuata mimi kwa utaratibu, nikamsalimia. Hakuitikia, alikuwa kwenye simu. Nikasimama mpaka akamaliza. Nikamwambia kijana wako kaniwekea nisichoagiza, naomba nilipie bei ya petroli niliyoiomba, nikamfungulia kijitabu ukurasa wenyewe nikauwekea kidole, ona hapa. Hakuangalia. Alikichomoa mkononi kwangu kama anavyonyang'anywa mtoto, akatoka nacho nje mpaka kwenye gari, ndo akakitupa kwenye boneti, kikateleza kikaanguka chini penye madoa ya dizeli, kurasa mbili zimeloa ninavyoandika hapa. Ndo ikaja ile ya tembea kwa miguu. Alafu akapiga paa la gari kwa kiganja, pu pu, "songesha hilo dude watu wanasubiri", na ndani ya gari amekaa mama mtu mzima anayeweza kumzaa yeye. Mama akaniambia tu "mwanangu lipa tuondoke". Nikalipa yote. Risiti nimeomba nikaambiwa mashine haina karatasi, ikabidi nisimame hapohapo mpaka karatasi ikapatikana, na ilipatikana haraka sana nilipotoa simu kupiga picha pampu.

Nikafika nyumbani nakuta meseji yenu: asante kwa kutuchagua, tupe nyota. Nilijibu meseji ile kwa maelezo marefu, nikaletewa nyingine ya mashine kwamba lalamiko langu limepokelewa, na toka hapo kimya.

Ninachotaka. Nilipoanza kuandika nilitaka tofauti ya bei tu, ile ya premium na ya kawaida. Lakini kadri ninavyoandika naona hiyo haitoshi, mnirudishie hela ya tanki zima, maana sikuagiza hata lita moja ya kile nilichowekewa. Huyo meneja aniombe radhi mimi na mama yangu, siyo kwa meseji, pale pale kwenye pampu mbele ya wale vijana waliocheka. Kijitabu mnitafutie kingine cha modeli hiyohiyo, najua hakipatikani kirahisi, hilo ni lenu. Bango lishuke, stika ya E10 ikae mbele ambapo mteja anaiona kabla nozeli haijaingia kwenye tanki. Na fundi wangu atakagua mipira ya mafuta, akikuta imeanza kulainika bili inakuja kwenu.

Nawapa wiki moja. Ikipita, barua hii pamoja na picha za pampu, bango na risiti naipeleka kwa mamlaka inayosimamia biashara ya mafuta na kwa watetezi wa walaji, na nitawaomba waje wachukue sampuli ya hiyo premium waipime. Wiki mbili zikipita naiweka mtandaoni yote, jina la kituo na saa ya tukio, madereva wenzangu wenye gari za zamani wajionee. Wapo wengi kuliko mnavyodhani na wote wanajaza mafuta kila siku.

Mnijibu kwa maandishi. Msinipigie simu na msinitumie nyota.

Mteja wenu,
mwenye namba ya risiti iliyoambatanishwa