Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha filamu, Lamu

Asalaam aleikum wanachama wenzangu, wazee na vijana.

Nawatumia taarifa hii kabla ya mkutano mkuu ili tukikutana mtaani Langoni tusikae kusomeana karatasi. Mambo ya kawaida nayapitisha haraka. Ada imekusanywa vizuri kuliko mwaka jana, ingawa wapo wanaongoja kubishiwa hodi. Chumba cha vifaa kimeezuliwa na kuezekwa upya, hakivuji tena. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina.

Jambo lililotuchosha na kutunogea mwaka mzima mnalijua: filamu yetu fupi ya jahazi linalofika mwezini, tuijenge kwa mikono au tuichore kwenye kompyuta? Vijana walisema vifano vya mbao ni mambo ya kale. Mafundi wakajibu kwamba cha kompyuta hakina uzito, kinaelea tu machoni. Kwa kuwa kila upande ulikuwa ukisema bila kutazama, nilipanga maonyesho yetu ya usiku yafuate mabishano hayo.

Tulianza na 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Vijana hawakuamini kwamba mwanaanga yule anayekimbia kukizunguka chumba cha duara hakuchorwa. Mwongozaji wake, Stanley Kubrick, aliagiza gurudumu lenye kipenyo cha karibu mita 12, kwa dola 750,000 za wakati ule. Seti nzima ikawa inazunguka, na mwigizaji anakimbia palepale chini. Ikafuata Alien ya 1979. Ndani ya vazi la zimwi lile alikuwamo Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa mwanafunzi wa sanaa London, mrefu wa zaidi ya mita 2. Wengi wetu tulikuwa tumeshaiona filamu ile zamani, bila kujua kwamba aliyetutoa jasho ni Mwafrika mwenzetu.

Mafundi wakatamba. Ndipo nikaweka Mad Max: Fury Road, iliyopigwa picha kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia na kutoka mwaka 2015. Magari yale yaliundwa kweli na yakavunjwa kweli. Lakini shoti, yaani vipande vya picha, zipatazo 2,000 zilipita mikononi mwa watu wa kompyuta: kamba za usalama zikafutwa, mbingu zikabadilishwa rangi, dhoruba kubwa ya mchanga ikatengenezwa. Anayeapa kwamba filamu ile haina kompyuta amedanganywa na kazi nzuri. Na hawa wanaonadi siku hizi kwamba filamu yao yote ni halisi, mimi nawaona kama muuza samaki anayesema wote ni wa leo asubuhi.

Kwenye Jurassic Park ya 1993 pande zote mbili zilinyamaza kidogo. Dinosaria wanaonekana kwa dakika kama 15 tu, na za kompyuta ni kama 6. Zilizobaki ni kazi ya karakana ya Stan Winston, fundi wa vinyago vya filamu. Yule mkubwa mla nyama, ngozi yake ya povu la mpira ilikunywa maji ya mvua ya kutengenezwa, akawa mzito, akaanza kutetemeka mwenyewe, ikabidi watu wamkaushe kwa taulo kati ya shoti na shoti. Tulicheka sana, maana kinyago chetu cha sponji ya godoro nacho kiliota ukungu wakati wa masika na mpaka leo kinanuka.

Kilichoamua, hata hivyo, ni jahazi lenyewe. Fundi wetu wa kijiji cha Matondoni alilichonga kwa urefu wa mita moja, yaani moja ya kumi na sita ya jahazi la mita 16, na tezi yake nyuma, na foromali, ule mti unaobeba tanga, na macho ya omoni, yaani mbele. Likapendeza mezani. Mbele ya kamera likaonekana mchezo wa mtoto, kwa sababu kitu kidogo huanguka na kutikisika upesi mno. Dawa yake ni ya zamani: unapiga fremu, yaani picha moja moja, nyingi kwa sekunde, halafu unazionyesha kwa mwendo wa kawaida. Unachukua kipeuo cha pili cha uwiano, hapa cha 16, yaani 4, unazidisha kwa fremu 24, unapata 96. Hapo mwanachama wetu mwalimu wa fizikia akadakia kwamba mvutano wa mwezi ni kama moja ya sita ya wa dunia, kwa hiyo kila kinachoanguka kipunguzwe mwendo zaidi. Hesabu yake, 96 mara kipeuo cha pili cha 6, ikafika karibu 235. Simu ya katibu inapiga fremu 240 kwa sekunde. Tanga lilipoteremshwa likaja chini taratibu, zito, na baraza zima likanyamaza. (Kwamba mwezini hakuna upepo wa kulijaza tanga hilo, mwalimu ameshatueleza. Hadithi ni yetu.)

Ardhi ya mwezi tuliitandaza kwa chokaa na jivu lililochekechwa. Nyuma tukatundika kitambaa cha buibui, kilichoazimwa kwa mama mmoja ambaye bado anakidai. Taa ilikuwa moja tu, mbali, ili kivuli kiwe kikali. Jahazi lilipotua, jivu likaruka na kuning'inia hewani kama moshi, na mwezini hakuna hewa ya kulishikilia. Tukalikwangua pale pa kutua jahazi na kumwaga mchanga wa pwani ya Shela uliooshwa ukakauka. Huo ukirushwa huenda na kurudi chini bila wingu.

Baada ya hapo vijana wa kompyuta walifanya kazi yao, na naisifu: waliufuta mshipi wa kuvulia uliolining'iniza jahazi, fremu kwa fremu, wakaipandisha dunia nyuma ya foromali. Nani angeichonga dunia ile? Hata Interstellar ya 2014, ambayo ilijenga vyombo vyake na kuonyesha picha za anga nje ya madirisha ili waigizaji wazione, shimo lake jeusi liliachiwa kompyuta, kwa milinganyo ya mwanafizikia Kip Thorne, na fremu nyingine zilichukua hadi saa 100. Sisi umeme ukikatika mara moja, kazi ya usiku kucha imekwenda.

Msimamo wangu basi: kinachoguswa na mwigizaji au kupigwa na taa kwa karibu, kijengwe, kompyuta ifute na iongeze vya mbali. Hapa penye mafundi wa majahazi na wa milango iliyonakshiwa, kununua mashine kubwa kwanza ni kuacha mali nyumbani na kwenda kukopa. Wanaotaka kuona filamu fupi ya Kenya ya aina hii inavyobeba dunia nzima kwa dakika kama 20, waitazame tena Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009.

Kwa hiyo kamati inapendekeza akiba inunue taa, jiliwa la kubania mbao na betri ya kuilinda kompyuta tuliyonayo, na mashine mpya ingoje. Najua katibu atapinga, na muda wa kupinga umetengwa. Nafasi za uchaguzi ni mbili, mtunza vifaa na mwenyekiti. Mimi nagombea tena. Aliye na stendi ya kamera airudishe kabla ya mkutano, na buibui la mama wa watu lifuliwe.