Bustani bado ipo, rafiki yangu

Rafiki yangu kipenzi,

Habari za siku nyingi, natumai wewe na wa nyumbani wote hamjambo. Meseji yako niliipata siku ileile uliyotuma ila nilishindwa kukujibu kwa maneno mawili matatu ya simu, manake ulichoniuliza ni kikubwa. Umeniuliza kama baada ya ile dhoruba nimeshang'oa kila kitu bustanini ili nianze upya. Hapana, sijang'oa, na sina mpango huo, na nimeona bora nikae nikuandikie vizuri kwa nini, kwa sababu wewe hii bustani unaijua, umekaa kwenye kile kivuli mara ngapi sijui, kwahiyo hata wewe imekuuma.

Ni kweli imeumia. Upepo ulivuma usiku kucha na mvua juu yake, kulipokucha mwembe ulikuwa umepoteza lile tawi nene la upande wa nyumba, limechanika likabaki limening'inia kwa ganda tu, ule mpera mdogo umelala chini mizizi iko nje, bogenvilia imeanguka na nguzo zake zote, maua ya chini huoni hata moja, ni majani na tope tupu. Nilikaa barazani nikalia, sikufichi, yaani ile miaka yote ya kumwagilia na kupalilia unaiona imelala chini asubuhi moja.

Na kila aliyepita alikuwa na ushauri uleule, kata. Leta watu wenye misumeno, wasafishe kiwanja chote, siku moja kazi imeisha, upande vipya. Walisema kwa nia njema kabisa na ninawaelewa, ukiangalia fujo ile mikono inawasha, unataka tu pawe pasafi. Lakini mimi naamini kabisa kwamba bustani nyingi zinamalizwa na ile haraka ya wiki ya kwanza. Mmea uliopigwa na dhoruba huwezi kujua siku hiyo kama umekufa au umeumia, wenyewe haujaamua bado, sasa wewe unaamuaje kwa niaba yake?

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakisubiri nacho ni hatari. Waya za umeme kama zimeanguka au zimeguswa na tawi, hapo huingii kabisa mpaka wenye umeme wao waje, hata kama unaona taa zimezimika. Afu yale matawi yaliyovunjika yakanasa juu, hayo ndo ya kuogopa, yanaweza kushuka siku ya pili au ya tatu jua linawaka na hakuna upepo wowote. Na tawi lililopindwa likabanwa chini ya mti mwingine usilikate hivihivi, limejaa nguvu, ukilikata linaruka na kukupiga wewe. Kwa mwembe nilimtafuta mtu aliyesomea kazi ya kupanda na kukata miti, sio mwenye msumeno tu. Hayo yakishamalizika, rafiki yangu, mengine yote yanaweza kungoja.

Kilichonishinda zaidi ni kujizuia kuingia. Udongo ulikuwa umelewa maji, na udongo wa hivo ukiukanyaga unaushindilia, zile nafasi ndogondogo za ndani ambazo zinabeba hewa zinajifunga, na mizizi inahitaji oksijeni kama sisi tu, mti ambao dhoruba imeuacha mzima unaweza kuja kufa taratibu kwa sababu ya miguu na toroli zilizopita juu ya mizizi yake. Nilichofanya, niliweka mbao pana za kukanyagia ili uzito usambae, nikapitia hapohapo kila siku. Sehemu nyingine nilikuwa napima kwanza, unachukua udongo kiganjani unaufinya, ukibaki bonge linalong'aa maji unaondoka, ukimeguka ukiugusa na kidole basi unaweza kuingia na kufanya kazi.

Mpera ndo uliokuwa na haraka yake, manake mizizi ikikauka imekwisha. Tuliifunika na magunia yenye maji siku ileile, tukakata ile iliyochanikachanika iwe na mwisho safi, tukachimba upande uliolalia ili mizizi ipate pa kurudi, ndo tukaunyanyua polepole, watu wawili tu walitosha kwa sababu ni mti mdogo, shina lake unalizungushia viganja viwili. Mti mkubwa ukilala hivo usijaribu kuusimamisha, hata ukikubali kusimama umeshakatika mizizi ile ya kuushikilia, na siku utakayoanguka tena hujui utamwangukia nani. Tukaushikiza kwa vigingi viwili na vitambaa vipana, sio waya, waya unakula gome. Na tulifunga chini chini na kuacha nafasi kidogo mti uweze kuyumba, hili watu wengi wanakataa kabisa, wanaufunga mti kama mfungwa, wakati shina linanenepa na mizizi inajikaza kwa sababu ya kule kuyumbayumba. Mwakani navitoa vyote.

Sasa mwembe. Umeniambia kwenye meseji kwamba mti uliopasuka hivo bora uondoke. Mimi niliuzunguka nikauangalia, umepoteza tawi moja kubwa na madogo kadhaa, lakini zaidi ya nusu ya kichwa chake ipo, shina halijapasuka katikati, na udongo chini yake haujainuka upande wowote. Hivyo vitu vitatu ndo vya kuangalia. Kama nusu ya matawi ingekuwa imeenda, au kama ungeona ufa umeshuka na shina, au udongo umevimba upande mmoja, ningekubaliana na wewe hata kama ningelia tena.

Yule fundi alilikata lile tawi kwa awamu tatu na nilisimama kumtazama. Kwanza alikata kidogo kutokea chini, mbali kama sentimita 30 na shina, halafu akasogea nje kidogo akakata kutoka juu mpaka tawi likaanguka, ule mkato wa chini ndo unaozuia gome lisichunike mpaka kwenye shina. Mwisho akakiondoa kile kipande kilichobaki, lakini hakukifyeka sambamba na shina, aliacha ule uvimbe unaouona pale tawi linapotokea. Pale ndo mti unapojifungia. Kulikuwa na mwanasayansi mmoja wa idara ya misitu ya Marekani, Alex Shigo, alipasua miti mingi sana kuangalia vidonda kwa ndani, na kwenye miaka ya 1970 akaeleza kwamba mti hauponi kwa kurudisha nyama iliyoharibika kama sisi, unachofanya ni kujenga kuta ndani kulizungushia lile eneo bovu lisisambae, afu unaendelea kukua juu yake. Ukifyeka ule uvimbe umeondoa sehemu yenyewe ya kujengea ukuta. Ndo maana pia sikupaka kitu chochote kwenye kidonda, hakuna rangi wala lami, vile vitu vinaweza kuhifadhi unyevu na kuozesha, kidonda kinatakiwa kipate hewa. Na alipotaka mwingine kuja kuupunguza kichwa chote "uwe sawa pande zote" nilikataa katakata. Ukikata kichwa cha mti unatoa rundo la chipukizi zilizoshikilia juujuu, na hizo ndo zitakazovunjika upepo ukija tena.

Ngoja nikupe kisa kimoja ambacho nilikuwa nakikumbuka kila nilipotaka kukata tamaa. Mwaka 1987, usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba, dhoruba kali ilipiga kusini mwa Uingereza na miti takriban milioni 15 ikaanguka usiku mmoja. Kwenye bustani ya Kew kule London ilianguka kama 700. Kuna mwaloni mmoja mkubwa pale wanauita mwaloni wa Turner, wa tangu karne ya 18, na ulikuwa umeanza kudhoofika kabla ya dhoruba. Upepo uliunyanyua mzimamzima na bamba lake la mizizi ukaurudisha palepale. Wakaona huo basi, wakauegemeza na kuuacha, kazi ilikuwa nyingi mno, wakasema tutaukata baadaye. Kama miaka mitatu mbele wanaurudia wakaukuta una nguvu kuliko ulivyokuwa kwa miaka mingi! Kumbe udongo wa pale ulikuwa umeshindiliwa na miguu ya wageni miaka na miaka, na ule kuinuliwa uliulegeza, hewa na maji vikaingia. Tangu hapo wakaanza kulegeza udongo wa miti mingine mikongwe kwa kuusukumia hewa. Hebu fikiria kama wangekuwa na muda wa kuukata wiki ileile.

Kwahiyo nimeacha. Haibiskasi zilipukutika majani yote zikabaki vijiti, nikakwangua gome kidogo na ukucha, chini ni kijani, nikaziacha. Zingine zilikuwa kahawia na kavu juu, nikashuka chini kidogo nikakwangua tena, kijani ikatokea pale, nikakata mpaka hapo tu. Mbolea sikutia hata punje, watu wanadhani mmea ulioumia unahitaji kulishwa, kumbe mbolea ya naitrojeni inaulazimisha kutoa majani mapya mengi wakati mizizi yenyewe imekatika, haiwezi kuyanywesha. Maji ndiyo, kidogo kidogo na kwa kina, dhoruba ikipita watu wanasahau kumwagilia kwa sababu juzi kulikuwa na mafuriko.

Ile mimea ya kivulini ndo iliniumiza kichwa, manake tawi limeenda na jua linashuka pale moja kwa moja, majani yalianza kuungua siku chache tu. Nilitundika wavu wa kivuli juu ya nguzo nne, haipendezi kabisa, lakini imeokoa karibu yote, nikipata nafasi nitaihamisha taratibu upande wa ukuta. Na pale penye jua jipya, unajua hapajawahi kuona jua tangu nihamie hapa, sasa zimeota mbegu ambazo sijazipanda mimi, zilikuwa zimelala kwenye udongo zinasubiri mwanga. Sijazing'oa, nataka nione ni nini.

Matawi yote yaliyoanguka hakuna hata moja lililotoka getini. Manene nimeyapanga nyuma, membamba yalisagwa kwenye mashine na nimeyatandaza juu ya udongo, unene wa kama sentimita 7 hivi, mbali kidogo na mashina maana yakigusa shina linaoza. Yatandazwe juu tu, usiyachimbie ndani yakiwa mabichi, yakioza yanavuta naitrojeni ya udongo na mimea inakuwa njano. Mvua iliyofuata ilipiga juu ya matandazo yale na udongo haukusogea, nilifurahi sana.

Kwenye uzio nilishauriwa nijenge ukuta mrefu nizuie upepo. Nimekataa na nina sababu. Upepo ukigonga ukuta hausimami, unaruka juu na kushuka upande wa pili ukiwa unazunguka, unaweza kuvunja zaidi kuliko kama pangekuwa wazi. Ua wa michongoma unaupitisha kiasi na kuupunguza kasi, ua unaopitisha kama nusu ya upepo ndo mzuri, na unapunguza nguvu yake mpaka umbali wa karibu mara 10 ya urefu wa ua wenyewe. Kwahiyo michongoma nimeikata chini na inachipua sasa hivi, na pale penye mapengo napanda miche midogo, sio mikubwa. Mche mdogo unashika udongo mapema, ule mkubwa wa kwenye ndoo mara nyingi mizizi yake imeshajizungusha na haitashika vizuri, dhoruba nyingine ikija ndo unaanguka wa kwanza.

Kilichokufa kabisa ni asumini ya dirishani. Hiyo nimesubiri, nimekwangua kila mahali mpaka chini kwenye shina, ni kahawia tupu, na mizizi imeoza. Nimekubali. Lakini nikakumbuka kwamba ile asumini yako ya kwenye ngazi ulichukua kijiti kutoka kwenye hii hii yangu, mwaka ule ulipokuja likizo, kwahiyo ni yeye yule, hajafa.

Sasa nina ombi. Ukija nikatie vijiti kama vitano sita. Kata asubuhi mapema kabla jua halijakali, chagua tawi la mwaka huu ambalo halijatoa maua, urefu wa kiganja hivi, ukate chini kidogo ya kifundo na uondoe majani ya nusu ya chini. Vifunge kwenye karatasi yenye unyevu, viingize kwenye mfuko wa plastiki, na usiviweke kwenye buti la gari tafadhali, joto litavimaliza, viweke miguuni kwako. Mimi huku nitakuwa nimeshaandaa mchanga na mboji kwenye chungu. Niambie tu unakuja lini.

Ni mimi rafiki yako,
wa pale chini ya mwembe