Yule Hakubahatisha, na Picha Si Yake

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua. Nasoma, nakunja gazeti, naliweka mezani, basi. Nilikaa kimya mlipopunguza kurasa, nikakaa kimya mlipopandisha bei, na hata mwaka ule mlipochapisha matokeo ya kidato cha nne ya mkoa mwingine chini ya jina la mkoa wetu sikusema kitu. Lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile ya kitabu cha sala chenye hesabu za Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ndani yake, na ya Heiberg, Mdenmark aliyezisoma mwaka 1906, imenikosesha raha wiki nzima. Naomba nafasi, tena naomba barua hii msiikate katikati.

Nianze na picha, maana hilo ndilo dogo. Mzee mliyemweka pale ni Johan Ludvig Heiberg kweli, ila siye. Huyo ni mtunzi wa tamthilia, aliyewahi kuongoza ukumbi wa kifalme wa maigizo mjini Copenhagen, mume wa yule mwigizaji mashuhuri Johanne Luise Heiberg. Alifariki mwaka 1860. Heiberg mliyekuwa mkimzungumzia alizaliwa Aalborg tarehe 27 Novemba 1854, kwa hiyo somo yake anazikwa yeye alikuwa mtoto wa miaka mitano. Kama mna ushahidi kwamba marehemu alifufuka baada ya miaka 46 akaenda zake Constantinople, Istanbul ya leo, kusoma miswada ya kale iliyoandikwa kwa mkono, basi mmekosea kuiweka habari hiyo ukurasa wa 14.

Kubwa ni pale mliposema kwamba maandishi yale yaliokotwa kwa bahati na mwalimu mmoja wa shule kutoka Denmark, halafu mkaruka miaka 92 mpaka kwenye mnada wa New York kilikouzwa kitabu hicho, mkatumia nusu ukurasa kutueleza habari za tajiri asiyetaka kutajwa jina aliyekinunua na mashine za eksrei zilizotumika kukisoma. Mwalimu mmoja wa shule! Hebu tuihesabu hiyo bahati. Mwaka 1879, akiwa na miaka 24, Heiberg alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Copenhagen kwa tasnifu iliyomhusu Archimedes huyo huyo. Mwaka 1880 na 1881 akatoa maandishi yote ya Archimedes yaliyokuwa yakijulikana, majuzuu matatu, Kigiriki upande mmoja na tafsiri ya Kilatini upande wa pili, yakachapwa Leipzig. Mwaka 1883 akaanza kutoa Euclid, yule Mgiriki wa jometri, kazi ambayo kwa vitabu vya Elementa, yaani misingi ya jometri, peke yake ilimfikisha 1888. Na katikati ya hayo, kuanzia 1884, alikuwa akiongoza shule ya Borgerdyd hapo hapo Copenhagen! Aliyewahi kukalia kiti cha mkuu wa shule anajua maana yake: ratiba, wazazi, walimu wanaogombana, mtoto aliyevunja dirisha. Mimi nilipokuwa na nusu ya majukumu hayo nilishindwa hata kumaliza kusahihisha daftari za kidato cha pili. Yeye mwaka 1891 alishaanza kutoa Apollonius wa Perga, mambo ya mikato ya koni, magumu kuliko Euclid. Uprofesa alikuja kuupata 1896, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kengele na chaki, na hapo akaingia kwenye Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa kale.

Ndiyo maana mwaka 1906 hakuokota kitu. Alikuwa anajua anachokifuata. Katalogi ya miswada ya Kanisa la Kigiriki la Jerusalemu iliyotoka 1899 ilinukuu mistari michache iliyoonekana kwa mbali chini ya sala, kwenye kitabu kimoja kilichokuwa kimehifadhiwa Constantinople. Mwanazuoni mwenzake wa Kijerumani, Hermann Schöne, akamwonyesha. Watu wangapi walikuwa wameishika katalogi ile miaka yote saba wakapita? Heiberg aliitambua mistari ile kwa sababu alikuwa ameshaipitia neno kwa neno zaidi ya miaka 20 nyuma. Huo ni ualimu, Mhariri. Mwalimu akiona mstari mmoja wa jibu anajua limetoka kitabu gani.

Makala yenu haikueleza hata hali ya kitabu chenyewe, acha nieleze mimi. Ni ngozi iliyonakiliwa kazi za Archimedes katika karne ya 10. Kufikia mwaka 1229 maandishi yalishakwanguliwa, ngozi ikakatwa katikati, ikageuzwa ubavu, na juu yake zikaandikwa sala, kwa hiyo mistari ya chini inakatiza mistari ya juu na mingine inapotelea kwenye mkunjo wa jalada. Heiberg aliisoma kwa macho yake na kioo cha kukuzia, akapiga picha kurasa nyingi, akarudi tena 1908. Humo alikuta maelezo ya vitu vinavyoelea kwa Kigiriki chenyewe, ambayo kabla ya hapo ulimwengu uliyajua kwa tafsiri ya Kilatini ya karne ya 13. Vijana wetu wa kidato cha kwanza wanaoikariri Kanuni ya Archimedes wajue kwamba kauli ya mwenyewe ilikuwa imelala chini ya sala. Na alikuta kitu ambacho wataalamu walidhani kimepotea kabisa: ile barua ndefu Archimedes aliyomwandikia Eratosthenes kule Alexandria, nchini Misri, akimfunulia jinsi alivyokuwa akiyapima maumbo katika mizani ya kichwani, kipande kwa kipande, kwanza apate jibu, ndipo akae atafute uthibitisho. Julai 1907 gazeti la New York Times liliiweka habari hiyo ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza, wakati ambapo hakukuwa na mnada wala tajiri.

Sikatai kwamba mashine zilifanya kazi. Kitabu kilipotea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kikaja kuonekana kwa familia moja Ufaransa, kikauzwa Oktoba 1998 kwa dola milioni 2, na wataalamu wa jumba la makumbusho la Walters, Baltimore, wakakihangaikia miaka. Walisoma sehemu ambazo Heiberg alizishindwa, wakagundua humo hotuba za Hypereides, msemaji wa Athens ya kale, ambazo hakuzitambua, na pia wamemlaumu, kwa haki, kwa kuichora upya michoro badala ya kuinakili kama alivyoikuta. Lakini walianzia wapi? Kwenye kitabu alichokichapisha yeye, wakikipima neno kwa neno. Kurasa tatu alizoziona yeye zilikuwa hazipo tena. Kurasa nne zilikuwa zimefunikwa na picha za wainjili zenye dhahabu, zikijifanya za kale, na rangi ya kijani iliyotumika ilipopimwa ikakutwa ni ya kiwandani, haikuuzwa kabla ya 1938. Picha za Heiberg zimetunzwa katika Maktaba ya Kifalme ya Copenhagen, na humo hakuna cha mwinjili wala dhahabu. Bila huyo mwalimu mmoja wa shule, nani angekuwa shahidi?

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, kwa sababu hilo la kutunza nimelionja. Mwaka jana alinijia mtu niliyemfundisha zamani, sasa naye ana mvi, anafuatilia mafao yake na ameambiwa alete uthibitisho kwamba alisoma shule fulani na kumaliza. Nikamwambia usihangaike, rejesta za madarasa nilizijaza kwa mkono wangu, ziko kabatini. Tukaenda. Karani, binti mwenye adabu tu, alinipa shikamoo akanikaribisha kiti, kisha akasema, "Mwalimu, yale makaratasi ya zamani yalijaza chumba, tuliyauza." Kwa nani? Kwa kilo, kwa mama wa maandazi na wauza karanga. Nikauliza kama kuna aliyeyapitia kwanza. Akanitazama kama niliyeuliza saa ya kuondoka meli. "Mzee wangu, siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta." Kwenye kompyuta kuna miaka ya juzi. Miaka yetu sisi imefungiwa karanga za shilingi mia mbili kituo cha daladala. Yule mwanafunzi wangu aliniaga kwa heshima zote, na mpaka leo bado anazungushwa. Wale watawa wa karne ya 13 angalau walihitaji ngozi kwa ajili ya sala, na hawakuwa na duka la kununulia karatasi.

Tena kwa kuwa nimeshashika kalamu: hizi Dkt. mnazozigawa mnazitoa wapi? Katika toleo lile lile la Jumapili nimehesabu wanasiasa, mchungaji na mfanyabiashara wa saruji, wote Dkt., wote kwa shahada za heshima walizovishwa ukumbi wa hoteli kutoka vyuo ambavyo sijui hata vina madarasa. Hao hamkosei. Hata kwenye tangazo la harusi mnawaandika Dkt. Heiberg aliyeukalia udaktari wake na kuutetea mmemwandika Bw., na huo u-Bw. wenyewe mmeubandika chini ya sura ya mtu mwingine. Mtu akiwa mwalimu wa shule, kwenu ni kijaluba cha kutilia neno "tu". Mwalimu wa shule tu. Mwalimu mstaafu tu. Sisi tunaowafundisha waandishi wenu kutofautisha h na kh, tunakuja kutajwa ikiwa tumegoma au tumekunywa pombe mchana. Wakati tafsiri maarufu ya Euclid kwa Kiingereza, ile ya Heath ya mwaka 1908, imesimama juu ya Kigiriki kilichosafishwa na Heiberg, na miswada aliyoitanguliza katika kazi hiyo, ule wa Vatikani kuliko yote, ndiyo inayofuatwa hadi sasa. Kila aliyefundishwa jometri ya Euclid sawasawa amekula kwenye sahani ya huyo mtu.

Basi masahihisho ninayoyataka ni haya. Mtoe picha sahihi, yenye ukubwa ule ule na ukurasa ule ule wa 14, si kule nyuma chini ya matangazo ya zabuni ambako huwa mnafukia makosa yenu. Jina liandikwe Dkt. au Profesa, mchague, yote alikuwa nayo. Na mhariri msaidizi aliyeipitisha makala ile aketi siku moja, azime simu, achukue rula na bikari, achore pembetatu ya pande sawa juu ya mstari aliopewa, yaani pendekezo la kwanza la kitabu cha kwanza cha Euclid, kisha aandike uthibitisho kwa Kiswahili kwa mwandiko unaosomeka. Aiache kazi hiyo mapokezi ya ofisi yenu ya mkoa. Huwa napita pale Ijumaa kuchukua gazeti. Nitasahihisha bure, na kama amepatia nitamwekea vema. Karatasi nitalipia mimi, ila bikari aje na yake, kwa sababu yangu niliiazimisha ofisi moja ya elimu na hawajairudisha.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Tanga