Makala ya Saqifa imewasahau Maibadhi

Mhariri,

Makala yenu ya Ijumaa iliyopita ilisema kwamba Mtume (S.A.W.) alipofariki mwaka 632, Waislamu siku ile ile waligawanyika Masunni na Mashia. Sivyo. Walioanza kuvutana siku ile ni Ansari, wenyeji wa Madina, na Muhajirina waliohama kutoka Makka. Ansari walikusanyika Saqifa ya Bani Saida, ukumbi wa ukoo mmoja wao, wakimtaka mwenzao Saad bin Ubada awe kiongozi. Muhajirina watatu, Abubakar, Omar na Abu Ubaida, wakawafuata huko huko. Ikafika hadi mtu kusema: kwetu atoke amiri na kwenu atoke amiri. Ikashinda hoja ya Ukuraishi, kwamba kiongozi atoke kabila la Mtume, Abubakar akapewa baia, yaani ahadi ya utii. Ali, binamu na mkwe wa Mtume, wakati huo alikuwa na jamaa zake katika shughuli ya maiti ya Mtume.

Anayemtetea Ali anayo hadithi ya Ghadir Khum, ambamo Mtume alisema ambaye yeye ni maula wake, Ali naye ni maula wake, na hiyo imo hata kwenye vitabu vya Kisunni. Kinachogombaniwa ni maana ya neno moja, "maula": ni mtawala, au ni kipenzi na msaidizi? Lakini madhehebu yenye fikihi na maimamu wake yalijengeka taratibu, baada ya vita vya Siffin mwaka 657 na Karbala, alikouawa Hussein mwana wa Ali, mwaka 680.

Siffin hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Makala nzima haina neno Ibadhi, madhehebu yasiyo ya Kisunni wala ya Kishia, na gazeti linasomwa Unguja! Ali, akiwa khalifa, alipokubali ugomvi wake na Muawia, gavana wa Sham, uamuliwe na watu wawili, baadhi ya askari wake walijitoa wakisema hukumu ni ya Mungu tu. Maibadhi wana asili katika mkondo huo, ingawa kuitwa Khawariji, jina la hao waliojitoa, hawataki, na wana haki yao: hawakuhalalisha damu ya Waislamu wenzao kama walivyofanya Azariqa, kundi kali la Khawariji. Abubakar na Omar wanawakubali. Ukuraishi ndio wanaoukataa. Kwao imamu ni yeyote mcha Mungu anayefaa.

Enzi za masultani, ambao walikuwa Maibadhi, mji ulikuwa na kadhi wao na kadhi wa Kisunni. Nyumbani kwetu pia: babu mzaa mama Ibadhi, baba Shafii, yaani Sunni. Alfajiri baba akisalisha, babu nyuma yake mikono ameiachia ubavuni, "amin" haitikii, na dua ya kunuti ikiletwa anasubiri kimya. Wakishatoa salamu, babu ndiye wa kwanza kuulizia kahawa.

Mkirudia mada hii, mhojini na mwanachuoni wa Kiibadhi. Hapa kwetu hawakosekani.

Msomaji wenu,
Unguja