Kabla hujagusa spana kwenye lori kuukuu, toa nega

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila nikisoma habari ya gari kuungua naona inaishia palepale, "chanzo kinadaiwa kuwa ni hitilafu ya umeme", basi, habari imekwisha tunahamia kwenye michezo. Hakuna anayeuliza hitilafu gani, ilianzia waya upi, nani aliuunga. Msomaji anabaki anaona kama vile ni radi imeshuka. Mimi nimekuwa fundi umeme wa magari huku Mafinga mpaka nimezeeka, lori za mbao zinazotoka Sao Hill nyingi nimezilalia chini, na nakwambia moto wa umeme kwenye lori mara nyingi una mtu aliyeuandaa, hata kama aliuandaa mwaka juzi.

Nataka niongelee hasa hizi lori kuukuu zinazotengenezwa nyumbani, Fuso na Isuzu za zamani ambazo mwenyewe kazipaki uani, pembeni kuna banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo, anamwita kijana wa gereji bubu, au anashika bisibisi mwenyewe kwa sababu hela ya gereji kubwa hana. Simlaumu, lori ikisimama hakuna marejesho ya mkopo na watoto wanarudishwa shule. Ila afanye akijua anacheza na nini.

Watu wanadharau volti 24. Wanasema haikurushi, unaweza kushika kwa mkono mkavu usisikie kitu, na ni kweli. Tatizo sio kurushwa, tatizo ni nguvu iliyolala mle kwenye betri. Lori ina betri mbili za volti 12 zimeungwa moja nyuma ya nyingine, stata peke yake ikizungusha injini inavuta mamia ya ampea, alafu waya ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata kwenye lori nyingi za zamani hauna fyuzi yoyote. Hauna kabisa! Kwaiyo huo waya ukichunika ukagusa chasisi hakuna cha kukata, umeme unamwagika wote mpaka waya unakuwa mwekundu, plastiki inayeyuka, na kama juu yake kuna mpira wa dizeli unaovuja basi mmemaliza. Spana iliyogusa poziti, yaani kichwa cha chanya cha betri, huku mgongo wake umelalia bodi inajichomelea palepale, na mwenye pete au saa ya chuma mkononi ataachiwa alama ya kudumu, vueni hivyo vitu.

Ndo maana nasema kabla ya kitu chochote toa waya wa nega, ule wa betri uliofungwa kwenye chasisi. Vijana wengi wanaanza na poziti kwa sababu ndo imekaa mbele, sasa hapo spana ikigusa bodi wakati nega bado imefungwa ni shoti kubwa. Ukianza na nega, hata spana ikigusa bodi haidhuru, bodi na nega ni kitu kimoja. Ukishaitoa, poziti ikigusa bodi nayo haina pa kwenda. Kurudisha ni kinyume chake, poziti kwanza, nega mwisho kabisa. Ila angalia, ile spana isilale juu ya vichwa viwili vya betri kwa pamoja, hapo hata uwe umetoa nega itapiga tu. Funika betri na kipande cha mpira wa tairi, sio gunia.

Na usiinamie betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi. Betri ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na hiyo gesi ikifika asilimia 4 tu hewani cheche moja inatosha kuilipua, betri inapasuka na asidi inakuja usoni. Ndo maana ukibusti gari, yaani kuliwasha kwa betri ya gari lingine, ile klipu ya mwisho usiibane kwenye kichwa cha betri, ibane kwenye chuma cha injini au chasisi mbali kidogo, cheche itokee huko.

Hapa niongeze kitu kinachonikera sana. Lori ni volti 24, redio ni ya volti 12, basi kijana anachukua waya kutoka katikati ya zile betri mbili analisha redio, na siku hizi na chaja ya simu na taa za urembo za kichwani. Anaona ni ujanja. Betri moja inanyonywa kila siku nyingine hainyonywi, altaneta, ile jenereta ya kwenye injini, ikichaji inazichaji kama pacha, ile isiyonyonywa inajaa kupita kiasi inachemka na kutoa gesi. Na huo waya wa redio umetoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, umepita chini ya zulia, umepita kwenye tundu la bati bila mpira. Nunua kile kiboksi cha kushusha 24 kwenda 12, na weka fyuzi karibu na betri isizidi shibiri moja. Fyuzi ukiiweka kule kwenye redio umelinda redio tu, waya wote uliotoka kwenye betri mpaka kwenye redio uko uchi.

Fyuzi! Nimetoa kwenye masanduku ya fyuzi ya watu karatasi za sigara, misumari, vipande vya waya vilivyosokotwa, hata kipini cha nywele. Ukimuuliza dereva anakwambia ilikuwa inakata kila mara tukachoka. Sasa si inakata kwa sababu kuna kosa? Umeme ukiongezeka mara mbili joto kwenye waya linaongezeka mara nne, kwaiyo ukiondoa fyuzi ya ampea 15 ukaweka waya unaobeba 60 hujaondoa kosa, umehamisha mahali pa kuungua, badala ya kuungua fyuzi sasa utaungua waya, na waya umepita nyuma ya dashibodi na kwenye godoro la dereva. Fyuzi inachaguliwa kwa unene wa waya, sio kwa ukubwa wa hasira zako. Waya wa milimita 1.5 za mraba usizidi fyuzi ya 15, wa 2.5 usizidi 20 au 25. Zile za kisasa rangi zinasaidia, nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30.

Na huo waya uwe wa gari tafadhali. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu hautakiwi kwenye lori, mtikisiko wa barabara ya vumbi unaukata ndani kwa ndani, unabaki umeshikana kidogo, panakuwa na joto. Maungio ya kusokota na kuviringisha tepu nayo ni hivyo hivyo, tepu ikipata joto la injini na mafuta gundi inatoka, baada ya miezi waya uko nje. Unga kwa kubana na kipachiko chake au lehemu, vika bomba la plastiki, funga ushikane na chuma usining'inie.

Kuna sehemu ambazo mimi naangalia kwanza kwenye hizi gari za kichwa kinacholala, yaani kibanda cha dereva kinachoinamishwa mbele. Pale kwenye bawaba za kichwa, kila ukikilaza waya wote unakunjwa na kukunjuliwa, fanya hivyo miaka 30 plastiki ya waya imeshakakamaa kama makaroni makavu, inapasuka ukiigusa. Pale waya mnene wa stata unapopita juu ya gia boksi. Nyuma ya altaneta, waya wake mkubwa una umeme muda wote hata ufunguo uko mfukoni mwako, wengi hawajui hilo. Na nyuma ya kichwa, kwa sisi wa mbao, vumbi la mbao linajaa juu ya waya pamoja na mafuta, panya nao wanaweka kiota humohumo, yaani kuni, kiberiti na mafuta vyote vimekaa pamoja vinasubiri. Safisha hapo kwa brashi. Usisafishe kwa petroli! Watu wanapenda petroli kwa sababu inatoa grisi haraka, lakini mvuke wake unawaka hata kwenye baridi ya Njombe, ni mzito kuliko hewa kwaiyo unashuka na kutulia kwenye shimo ulilochimba kuingia chini ya gari, pale pale ulipoweka taa yako. Dizeli ni ngumu kuwaka ikiwa baridi, tumia hiyo, alafu sabuni na maji.

Hiyo taa nayo. Utaona mtu kavuta waya kutoka dirishani, kafunga globu ya volti 230 kwenye holda iliyopasuka, kaitundika kwenye boneti. Globu ikidondoka ikapasuka wakati kuna mvuke wa mafuta ndo basi tena, na ukiwa umelala chini kwenye udongo wenye maji hiyo 230 haina utani na wewe kama ile 24. Taa za LED za kuchaji zimejaa madukani saivi, hakuna sababu.

Mashine ya kuchomelea sijui hata nianzie wapi. Hizi za kutengenezwa mtaani zinavuta umeme mwingi mno kwa soketi ya 13, wanafungua sakiti breka wanaunga waya moja kwa moja, wewe unaangalia lori lako kumbe moto unaanzia kwenye dari la nyumba, kwenye waya wa nyumbani uliopashwa moto. Kama ni lazima kuchomelea uani basi fundi wa umeme wa nyumba akuwekee laini yake ya peke yake yenye breka. Kwenye lori lenyewe toa betri, chomoa waya wa altaneta, na klipu ya bodi ibanwe karibu kabisa na pale unapochomelea. Ukiibana mbali umeme wa mashine unatafuta njia yake, utapita kwenye bearing, utapita kwenye nyaya nyembamba, na kesho unashangaa kwanini taa haziwaki. Bati la sakafu likichomelewa, inua kwanza uone upande wa pili kuna nini.

Sasa kabla ya kurudisha nega baada ya kazi, fanya jambo hili ambalo lingeokoa lori nyingi na gharama yake ni globu moja. Chukua globu ya breki ya volti 24 wati 21, iunge nyaya mbili. Zima kila kitu, funga milango ili taa ya ndani isikudanganye. Waya mmoja wa globu shika kwenye kichwa cha nega cha betri, mwingine kwenye ule waya wa chasisi uliouchomoa. Globu isipowaka uko sawa. Ikiwaka hafifu kuna kitu kinanyonya kidogo, kitafute. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, usithubutu kufunga nega, kuna waya umelalia bodi mahali. Hapo globu inazuia umeme usimwagike, unaweza kukaa kwa utulivu ukachomoa fyuzi moja moja mpaka globu izime, ukishajua ni njia ipi unafuata waya wake. Mchezo huohuo unafanya kazi kwenye fyuzi inayokata kila mara, weka globu mahali pa fyuzi, tikisa waya, ikizimika na kuwaka umepata mahali penyewe. Hamna haja ya kuunguza fyuzi kumi kutafuta kosa moja.

Na weka swichi kuu ya betri. Magari ya mafuta wanayo na sisi tunaweza kuweka, inafungwa kwenye nega. Zima injini kwanza ndo uzungushe, usizime swichi wakati injini inaunguruma utaua altaneta. Maana moto ukianza, kitu cha kwanza ni kukata umeme, unaweza kupulizia poda ukazima ukashangilia na waya bado mwekundu unawasha tena. Mtungi wa kuzimia moto usiwe umefungiwa ndani ya kichwa chini ya siti, wakati wa kazi uweke chini, upande ambao upepo unatokea, mshale wake uwe kwenye kijani na uutikise kila baada ya muda kwa sababu poda inaganda. Mchanga kwenye ndoo nao unasaidia, maji kwenye dizeli inayowaka yanausambaza. Zimamoto ni 114, pigeni mapema, sisi wa pembeni gari lao linakuja kutoka mbali.

Wenye bima ya thadi pati tu, ile inayolipa hasara ya watu wengine, mjue pia lori lako likiungua uani hiyo bima hailipi lori lako.

Ombi langu kwa waandishi wako, Mhariri, siku nyingine wakienda kwenye gari lililoungua wamuulize fundi aliyekuwepo maswali mawili tu, nega ilikuwa imetolewa? na kwenye sanduku la fyuzi kulikuwa na nini? Kuhusu hizi lori mpya za kontroboksi na vitambuzi kila kona mimi nimestaafu kabla hazijafika, kuna vijana Makambako na Tunduma wanazifungua kila siku, waandike wao, hasa watueleze kama hiyo njia ya globu inafaa huko maana nasikia zinanyonya umeme hata zikilala.

Fundi umeme mstaafu,
Mafinga